Udi wa Nyumba Nyingine

Juzi niliingia kwenye lifti ya hospitali ninakofanyia mazoezi ya kazi, na mtu aliyetoka kabla yangu alikuwa ameacha udi wake ndani. Sikumwona. Milango ilipojifunga nikabaki na harufu peke yake: udi wa sukari wenye asumini, na nyuma yake kitu kikali kidogo, kama ganda la ndimu lililoungua. Nilipanda mpaka juu kabisa ya jengo kwa sababu nilisahau kubonyeza ghorofa yangu. Nilikuwa nimesimama pale na koti langu jeupe, mtu mzima, najiuliza: amefuata nini huyu hapa?

Wengine wakikutana na harufu ya utotoni hukumbuka kupakatwa. Mimi hukumbuka kushuku.

Kwa asiyejua, kwetu, Waswahili wa Oman, kila nyumba ina udi wake. Wanawake huuchanganya wenyewe jikoni, kwa sukari na miski na zafarani na mambo wasiyoyataja, na kipimo hakitoki nje ya mlango. Nguo hufukizwa kwenye chetezo, halafu shuka, halafu nywele. Ukikua ndani ya harufu hiyo huisikii tena, lakini wenzako wanaisikia. Mtoto akipita nyuma yako harusini unajua wa nani kabla hujageuka. Harufu ya kwenye lifti ilikuwa ya nyumba ya Shangazi Muzna, dada yake baba. Kwangu mimi, likizo ile, ilikuwa na maana moja tu: Thuraya, binti yake, mwenzangu wa umri mmoja, amepita hapa.

Ninasema likizo ile, na wa rika langu mnaijua bila ya kuelezwa. Ni ile ndefu kabla ya darasa la kumi na mbili, joto la kufunga mapazia tangu asubuhi, barabara za mtaa wetu wa Al Khoudh tupu kama zimehamwa, na kila mlo mnakula na swali lile lile: utaomba chuo gani, cha hapa au cha nje? Mimi nilitaka kusoma famasia ng'ambo, kwa ufadhili. Nafasi zilikuwa chache. Katika ukoo wetu tulikuwa wasichana wawili wa kuziomba mwaka ule, na kwa hesabu zangu za kitoto ukoo mmoja hauwezi kupewa mbili.

Lazima niseme nilikuwa mtoto wa namna gani, maana bila hilo mtaniona mwehu. Nilikuwa na wasiwasi hata wa udhu. Nikishatawadha narudia, kwa hofu kwamba kisigino kimebaki kikavu, na watu wa nyumbani wanagonga mlango wa choo. Shule yangu ilikuwa ya serikali, masomo kwa Kiarabu, kwa hiyo Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa simu, nikiwafuatisha watu wa video mpaka taya liniume. Hata Kiswahili hiki ninachoandika nimejifundisha. Kwetu kilikuwa cha kusema, hakuna aliyewahi kunionesha kinavyokaa kwenye karatasi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja. Hajui kama anachokijua ni sahihi mpaka mwingine amwambie, na mwingine akimwambia, hamwamini.

Vyuo vilitaka insha: kwa nini unataka kusoma hiki unachotaka kusoma. Nilianza kuandika habari za bibi yangu na kabati lake la dawa, habasoda na uwatu na mafuta ya mnyonyo, na jinsi nilivyotaka kujua tangu mdogo kwa nini vingine vinaponya na vingine vinanuka tu. Sentensi ya kwanza nilikuwa naiandika na kuifuta kila siku. Nilikuwa na hakika kwamba mahali fulani yupo mtu atakayeisoma na kucheka.

Na mtu huyo, nilivyoamini, alikuwa ndani ya nyumba yetu. Alikuwa mama.

Wageni wakibonyeza kengele, mama alikuwa akivikusanya vitabu vyangu kwa haraka na kuvisukuma kwa mguu chini ya kochi, vile watu wanavyosukuma nguo chafu. Siku moja Shangazi Muzna alikuja na Thuraya wakati wa alasiri, na mimi nikatumwa kuleta birika la kahawa na tende. Nilipokuwa nikimimina, shangazi aliniangalia kwa jicho la pembeni akamuuliza mama.

"Na Asila je? Kajitayarisha vipi na mambo ya chuo?"

"Nani, huyu?" Mama alicheka. "Huyu kulala tu, wifi. Simu na kulala. Akipata chuo chochote cha hapa hapa mie nshasema alhamdulillahi."

"Afadhali wako alala. Thuraya wangu kaingia mafunzo ya keki. Likizo nzima keki."

"Keki nzuri. Ataolewa mapema."

"Na huyu?"

"Mtu wa kulala nani atamtaka?"

Wakacheka wote wawili, na Thuraya naye akacheka, akiwa na kipande cha tende mdomoni. Mimi nilimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kifinjani. Nilikuwa nimeamka alfajiri siku hiyo, nimefanya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza mpaka adhuhuri, na mama alinipitia akaniona. Alijua. Kwa hiyo maana ya maneno yake, nilivyoielewa, ilikuwa hii: kaona ninavyosoma, kapima, kaona haitoshi, sasa anawatayarisha watu mapema ili nikianguka aibu isiwe kubwa.

Habari za jicho la husuda nilikuwa nazijua, msinielewe vibaya. Hakuna mtoto wa kwetu asiyezijua. Lakini nilijua kwamba jicho linatafuta vitu vizuri: mtoto mchanga, gari jipya, mkufu wa bibi harusi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu kama mimi, mwenye chunusi na wasiwasi wa udhu, ana kitu ambacho jicho lingekitaka.

Na zile keki sikuziamini hata kidogo. Thuraya alikuwa hawezi kukaanga yai. Alikuwa na alama nzuri kama zangu, katika shule nzuri kuliko yangu. Mtu kama huyo hapotezi likizo ya mwisho akipaka krimu.

Baada ya siku ile mama alisema nyumbani kuna wageni wengi mno, niwe nakwenda kushinda kwa bibi. Bibi, mama yake baba, alikaa Al Hail, nyumba ya zamani ya ghorofa moja, hatua chache kutoka baharini, yenye ukuta unaotoa chumvi kama mtu anayetoka jasho. Juu kulikuwa na chumba kisichotumika, chenye kitanda, meza na kiyoyozi kipya. Baba alinishusha asubuhi akienda kazini Maskati na kunichukua mchana akirudi. Majirani waliambiwa kwamba nakwenda kumkanda bibi miguu. Hata hilo lilinichoma. Nilijiona nimefichwa mbali zaidi ya chini ya kochi.

Chumba kilikuwa kizuri lakini. Siku za mwanzo nilifanya kazi vizuri kuliko nilivyowahi kufanya. Halafu asubuhi moja niliingia nikaweka kichwa kwenye mto, nikainuka haraka kama niliyeumwa.

Asumini. Na nyuma yake, ganda la ndimu.

Nilinusa mto, nikanusa shuka, nikanusa mgongo wa kiti. Kisha nikaanza kuona mengine. Kiyoyozi nilikiacha kwenye baridi ya wastani, sasa kilikuwa kwenye baridi ya kuhifadhia nyama. Kiti kilikuwa kimesogezwa dirishani. Kitabu changu cha mazoezi ya mtihani kilikuwa pale pale nilipokiacha, lakini kimenyooka mno. Nilipokifungua, pembeni mwa maswali niliona karatasi imepauka mahali ambapo mtu ameandika jawabu kwa penseli na kulifuta, kwa uangalifu, chembe zote za ufutio zimepulizwa.

Nikashuka chini. Bibi alikuwa kwenye mswala wake na tasbihi.

"Bibi, nani anaingia chumba cha juu?"

"Chumba cha juu kipi?" Kama kwamba nyumba ina vingi.

"Changu."

"Hapana mtu."

"Kuna harufu ya udi."

"Nyumba ya Waislamu hii mwanangu, isinuke udi inuke nini?"

"Si udi wako, Bibi."

Alifikiri kidogo. "Basi jini. Majini wapenda udi, hujui? Kwetu Vuga, kabla hatujahamia huku, kulikuwa na mmoja akitaka na kahawa."

"Jini anafanya mazoezi ya Kiingereza?"

"Majini wasoma kuliko sie," alisema bibi, akarudi kwenye nyiradi zake. Na mimi niliondoka nimechanganyikiwa, kwa sababu nilijua kwamba bibi hasemi uongo akiwa na tasbihi mkononi. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba kabla ya kunijibu aliiweka pajani.

Nilimfuata Prossy, dada wa Kiganda aliyekuwa akimsaidia bibi kazi za nyumba. Alikuwa anakata vitunguu na kusikiliza mahubiri kwa simu.

"Mimi sijui mambo ya juu, Asila. Mimi niko hapa kupika na kusafisha. Uliza wenye nyumba."

"Lakini wewe ndiye unayefungua mlango."

"Mlango nafungulia watu wengi. Mtu wa gesi, mtu wa maji. Nitakumbuka nani?" Akapandisha sauti ya mahubiri.

Basi nikajua. Kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa akinidanganya, na wote walikuwa upande wa Thuraya. Yeye alipewa alasiri, mimi asubuhi, kitabu kimoja, kitanda kimoja, na bibi katikati akila pande zote mbili. Thuraya anakaa kwenye kiti changu, anaona maswali niliyokosea, anayajua mapungufu yangu yote kabla ya wanaotoa ufadhili kuyajua. Na insha. Insha ilikuwa chini ya godoro. Nilipoitoa ilinuka asumini, au nilidhani inanuka. Nilikuwa nimeshanusa vitu vingi mno siku hiyo.

Tangu hapo sikusoma tena. Nilikuwa askari. Nilitega uzi mlangoni. Nilipanga kalamu kwa namna ambayo mimi tu ninaijua. Insha nilianza kutembea nayo ndani ya sidiria, ikalowa jasho, nikaiandika upya, na sentensi ya kwanza ikawa mbaya zaidi. Kisha nikafanya jambo nililoliona la werevu mkubwa: nikapitia sehemu nzima ya kitabu nikaweka alama za penseli kwenye majibu yasiyo sahihi, hafifu, kama kwamba nimesahau kuzifuta, ili Thuraya ayaamini.

Jioni moja nilimpigia simu.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Mafunzoni. Kwani?"

"Mmepika nini?"

"Keki ya karoti."

"Karoti mnaisaga au mnaikuna?"

Nikasikia anasogea mbali na watu. "Asila, una nini wewe?"

"Swali tu."

"Tunaikuna. Njoo kesho uonje, uache uchawi."

Tunaikuna, alisema, bila kusita. Nikaona amejitayarisha vizuri mno.

Kesho yake nilimwambia baba asije kunichukua, bibi anaumwa kichwa, nitakaa naye mpaka magharibi. Bibi nikamwambia baba amefika, yuko nje. Nikabusu mkono wake, nikatoka na mkoba wangu, nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma ya jiko kwenye kivuli cha tangi la maji. Kivuli chenyewe kilikuwa cha jina tu. Upepo wa Al Hail wakati wa kiangazi hauburudishi, unakubandika shela mwilini. Prossy alitoka kumwaga maji, akaniona, akaniangalia sana, akarudi ndani bila ya kusema neno. Ndipo nilipojua kwamba anaweza kuwatunzia siri hata watu wa upande wangu.

Gari la nyumbani kwa Shangazi Muzna liliingia baada ya adhana ya alasiri. Nilisikia mlango wa gari, mlango wa nyumba, ngazi. Nikahesabu pumzi kidogo, kisha nikavua viatu nikapanda.

Nyuma ya mlango kulikuwa na sauti inayosema Kiingereza, polepole, kila neno likiwekwa chini kama sahani ya kioo. Ilikuwa ikijitambulisha. Ilisema inakaa Muscat, mji uliopo kati ya milima na bahari. Ilisema inapenda kusoma na kutembea. Ikakosea, ikasema neno la Kiswahili lisiloandikika, ikaanza tena: inakaa Muscat, mji uliopo kati ya milima na bahari.

Nikafungua mlango.

Shangazi Muzna alikuwa amekaa dirishani na miwani ya kusomea, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji, anajirekodi. Buibui lake lilikuwa kitandani, juu ya mto wangu. Miguuni alikuwa na soksi nene za Bibi kwa sababu ya baridi ile aliyoitaka mwenyewe.

Hakupiga kelele. Aliilaza simu kifudifudi, taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Nani mwengine ajua?" aliniuliza.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote, nimeyapanga kwa ajili ya Thuraya, na sasa hayakuwa na mwenyewe.

"Uko na nani? Mamako yuko chini?"

"Niko peke yangu."

"Wafanya nini hapa?"

"Nimemletea bibi dawa," nilisema. Midomo yangu ilikuwa imeshazoea.

Shangazi aliniangalia, akaangalia miguu yangu mitupu, mkoba, shela lililolowa. Kisha akaangalia kitabu mezani, akakigeuza ukurasa wa kwanza, akarudi kuniangalia mimi. Nikaona kitu kinamfungukia usoni polepole.

"Ni chako," alisema. "Ni wewe. Lahaula. Nami wiki zote hizi nasema mamako."

"Mama yangu?"

"Harufu ya mto. Udi wa nyumba yenu, ule wa karafuu, mie niujue leo? Nkamuuliza Mama, nani alala juu, ananambia jini. Nkasema huyu ni wifi. Kasikia nataka kusoma, na yeye kaanza, na sasa aja asubuhi ili anipite." Alicheka, lakini macho bado yalikuwa na hofu. "Na yale majibu mabovu, ni wewe uloyatia?"

"Ni mimi."

"Nkasema wifi kanitega. Nkamwonea na huruma, kwamba amefika kunitega."

Hapo nikakaa kitandani. Sijui kama mtanielewa, lakini kilichonishangaza zaidi si kwamba mwizi wangu ni shangazi. Ni kwamba kuna mtu duniani aliweza kuamini, kwa wiki kadhaa, bila ya shida yoyote, kwamba mama yangu anatoka kwa siri kwenda kusoma. Mimi niliyekaa naye nyumba moja, wazo hilo lisingenipitia kichwani.

Shangazi alinieleza kwa kifupi, akiwa anavua soksi. Alikuwa anataka kuingia chuo, masomo ya jioni, awe mwalimu wa watoto wadogo, na chuo kilitaka mtihani wa Kiingereza. Alipokuwa msichana aliwahi kuingia chuo, ikasherehekewa, ikasemwa kila harusi na kila matanga. Halafu mimba ya Thuraya ikawa ngumu, akaacha, akisema atarudi. "Na kila nkikutana na mtu ananiuliza, Muzna, chuo vipi? Miaka. Mpaka nkawa nakimbia watu. Mara hii watajua nkiwa nshamaliza. Hata Thuraya hajui. Mume wangu ajua nakuja kumkanda Mama miguu."

"Na mimi ninakuja kumkanda."

"Miguu ya Mama inakandwa kuliko ya mtu yeyote Oman."

Tukacheka mpaka bibi akagonga dari kwa fimbo kutoka chini. Alijua, bila shaka. Alijua tangu niliposhuka ngazi za mbele na viatu havikusikika kuelekea barabarani.

Nilimuuliza kuhusu Thuraya. Anaomba chuo gani? Shangazi akasema wallahi hajui, mtoto hasemi, kutwa keki. Nikamtazama sana. Nikaona kwamba hata yeye haamini keki zile.

Siku zilizobaki za likizo tulisoma pamoja, alasiri, tukilipana siri kwa siri. Alinifanya mtahini wake, na mimi nikamfanya wangu. Alikuwa na tabia ya kusema sentensi mbaya kwa sauti kubwa na kuendelea mbele bila ya kufa. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo. Nikimsahihisha, anasema "ehe", anasahihisha, anakwenda. Nilipomsomea sentensi ya kwanza ya insha yangu, akasema, "Nzuri. Ya pili?" Nilimwambia ya kwanza bado si nzuri. Akasema, "Mwanangu, mie sina umri huo. Ya pili?" Insha ikamalizika wiki ile, nikamsomea bibi.

Siku moja nilimwambia lililokuwa likinila.

"Mama haniamini. Umesikia mwenyewe anavyosema. Kulala na simu."

"Na mie nasema nini kuhusu Thuraya? Nasema hajui kitu."

"Lakini unajua kwamba anajua."

"Na mamako?"

"Mama yangu anamaanisha."

Shangazi alivua miwani. "Mie si mamako, siwezi kukwambia anamaanisha nini," alisema. "Wiki zote hizi nlikuwa nadhani anataka kunipita chuoni. Mimi si mtu wa kuulizwa."

Thuraya, niwaambie sasa, alikuwa kweli anapika keki. Yeye ndiye peke yake likizo ile aliyesema kweli tangu mwanzo mpaka mwisho, na ndiye peke yake niliyemshuku. Leo ana duka lake la keki Seeb, na akinikumbusha ile karoti hucheka mpaka analia. Shangazi alianguka mtihani wa kwanza, akafaulu wa pili, akasoma jioni miaka yote ile huku ukoo mzima ukiamini kwamba anakwenda kufanyiwa mazoezi ya goti. Watu walikuwa wakimpelekea mafuta ya kuchulia. Siku aliyotangaza, bibi alisema hadharani kwamba goti hilo limepona vizuri.

Lakini likizo yenyewe kwangu iliishia mahali pengine. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na maombi yalitaka picha. Mama alinipeleka studio ndogo ya Al Khoudh, kwenye mstari wa maduka karibu na chuo kikuu, kwa mpiga picha Mhindi wa Kerala ambaye hatukuwahi kumwona kabla. Nyuma kulikuwa na pazia na kioo, mahali pa kutengeneza mtandio. Nikaingia humo. Nilikuwa natoboa na kutoboa tena kwa pini, upande mmoja uko juu kuliko mwingine, nafungua, naanza upya. Nilichelewa sana. Mama akadhani pazia lile ni ukuta.

Alianza na Kiarabu cha dukani, akachanganya na Kihindi alichokipata kwa mafundi wa nguo. Alimwambia yule mtu kwamba binti yake ni wa kwanza darasani, si mwaka huu tu, tangu la saba, na akataja alama zangu somo kwa somo. Alizijua mpaka zile nilizokuwa sijamwonesha. Alimwambia kwamba Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa simu, hakuna mwalimu, na kwamba yeye husimama nyuma ya mlango wangu na kikapu cha nguo akinisikiliza nikisema, na haelewi neno, na haondoki. Alimwambia kuhusu famasia. Akamwambia nimeandika habari za bibi yangu na dawa zake, na bibi alisomewa akalia, na bibi mwenyewe hajui Kiingereza.

"Zein, mama, vizuri," alisema mpiga picha. Nilisikia anarekebisha taa.

"Sema mashallah."

"Mashallah," alisema yule mtu, vizuri kabisa, kama aliyekwishaambiwa hivyo na akina mama wengi kabla ya mama yangu.

Nilisimama nyuma ya pazia na pini mkononi. Mtoto mchanga, gari jipya, mkufu. Na mimi. Mtu wa kwanza aliyeambiwa kwamba mimi hodari alikuwa mtu asiyejua jina langu, asiye na binti darasa la kumi na mbili, ambaye angetusahau kabla picha hazijakauka, na aliambiwa kwa sababu hizo hizo. Mtandio nikauacha hivyo hivyo, umekaa upande, nikatoka.

Mama alinyamaza pale pale. "Umechelewa," alisema. "Nilikuwa namwambia atupunguzie bei."

Nikakaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe. Mpiga picha akainama nyuma ya kamera. Picha ya maombi, kama mjuavyo, haitaki meno.

"Usicheke, sista."

"Sicheki."

Akapiga, akatazama, akatikisa kichwa. Akapiga tena. Nilijitahidi kweli. Nilifikiria mtihani, nilifikiria sentensi ya kwanza, nilifikiria kufeli mbele ya ukoo mzima, na mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe kwenye pembe.

"Mdomo, sista."

Mama alisogea, akaniweka mtandio sawa kwa vidole viwili, akanong'ona kwa Kiswahili bila ya kuniangalia machoni.

"Funga mdomo, Asila. Watu wataona."

Nikatazama huku na huku. Mle ndani tulikuwa watatu tu, na mmoja wetu alikuwa nyuma ya kamera.